Mwenyekiti wa Salamu, Kiminini

Hii stori ukiimaliza utaniona mjinga, kwa hivyo wacha niseme mwenyewe kabla hujasema: nilikuwa mjinga. Si ule ujinga wa kukosa shule, ingawa shule niliachia darasa la nane. Ni ujinga wa mdomo. Wakati ule nilikuwa naendesha boda boda ya baiskeli pale steji ya Kiminini, na ukitaka kucheka, ulikuwa unauliza niko wapi. Niliiga pasta akiomba sadaka ya pili. Niliiga chifu akikataa kitu huku mkono umenyooka kupokea. Lakini mtu niliiga kushinda wote, mpaka watu wanashikilia ukuta, ni Mwenyekiti.

Jina lake nalijua na sitalitaja, kwa sababu hakuna mtu alimwita nalo. Hata marehemu bibi yake alikuwanga anatoa kichwa kwa mlango wa jikoni anaita, "Mwenyekiti, chai!" kama wako mkutano.

Mwenyekiti wa nini? Wa salamu. Kama wewe umekua na simu mkononi, hujui hii kitu, ngoja nikueleze. Kulikuwa na kadi zinauzwa dukani, kadi za salamu. Unaandika jina lako na mahali uko, unaandika wale unataka kusalimia, unaongeza ujumbe na wimbo, unapeleka kwa stesheni. Mtangazaji anasoma na nchi nzima inasikia kumbe wewe unaishi. Zamani tulikuwa na ile redio ya Nairobi peke yake, kadi inasomwa miezi mitatu baadaye, unasalimia mtu na alishahama. Halafu hizi FM zetu zikaingia. Kitale ikapata yake, Bungoma ikapata yake, na zingine za kando zinashika kulingana na vile mawingu yameamka. Ile ya Bungoma ilipiga litungu, ile zeze yetu, mpaka ukaona nyanya yako aliyekufa anacheza. Ile ya Kitale ilikuwa na rumba, injili kidogo, na kila Jumamosi saa nane mchana, salamu.

Sisi wa salamu tulikuwa chama kamili. Tulikuwa na watu Kiminini, Kitale, Moi's Bridge, Webuye, na kila mtu na jina lake la redio. Mwenyekiti alikuwa Mwenyekiti wa Kisiagi, kwa sababu alikuwa na kisiagi cha kusaga mahindi kando ya barabara. Injini ya dizeli, kelele mpaka meno yanacheza.

Sasa hapo ndipo maajabu yake yanaanza. Jumamosi ikigonga saa nane kasorobo, hata kama kuna foleni ya akina mama na gorogoro zao za mahindi mpaka barabarani, Mwenyekiti anazima injini. Mkanda unazunguka, unazunguka, unasimama. Anatoka nje na nyusi nyeupe za unga, ananawa mikono na sabuni kama anataka kula, anatoa redio kwa kitambaa alishonewa na bibi yake, anaunganisha waya kwa mabati ya paa. Hakuna kusaga mpaka salamu iishe.

"Mwenyekiti, watoto wangu wanalala njaa!" mama mmoja alimpigia kelele siku moja.

"Wasalimie," Mwenyekiti akajibu, akaongeza sauti ya redio.

Na usidhani walikuwa wanakasirika sana. Wengine walikuwa wanangoja hiyo saa ndio walete mahindi.

Alikuwa nusu kiziwi. Miaka yote ile ndani ya injini ilimkula masikio, ile ya kushoto ikaenda kabisa. Chama cha wasikilizaji, na mwenyekiti hasikii! Hiyo peke yake nilikuwa naichezea steji wiki nzima. Naweka mkono kwa sikio, nafunga jicho moja, nasema, "Ati nani amesalimia nani?" Watu wanaanguka. Siku moja alinipata katikati ya hiyo mchezo. Nikaganda. Akanitazama, akasema, "Unakosea. Mimi hufunga jicho la kulia." Akaenda zake.

Lakini ukimsalimia barabarani, huyo mzee hakujibu. "Mulembe, Mwenyekiti!" Anakupita kama umekuwa mti. Mwanzo nilidhani ni masikio. Kumbe hapana, hata ukisimama mbele yake ukipunga mkono, anatazama mkono, anatazama wewe, anaenda. Halafu Jumamosi unajisikia kwa redio, "...na kijana wa boda boda pale steji, yule wa mdomo mwingi, nikimwambia asante kwa kubeba kadi zetu." Nikamuuliza, Mwenyekiti, si jana ulinipita kama hunijui?

"Jana hukuwa kwa kadi," akasema.

Kwake salamu ya mdomo ilikuwa upepo. Ya kadi, hiyo mtu ameketi, amefikiria, ameandika jina lako na biro. Yeye aliandika na biro nyekundu, herufi kubwa zote, ameketi juu ya debe lililopinduliwa, na ole wako uongee. Unga ulimfuata hata hapo. Mtangazaji wa Kitale siku moja alisema hewani, "Hii kadi imetoka Kiminini, sihitaji kusoma jina, nimeona unga." Mwenyekiti alifurahia hiyo maneno mwaka mzima.

Mkono wake ulikuwa mgumu. Ukiomba hata unga wa kupaka sufuria, anakuuliza kama hiyo sufuria inataka kwenda harusi. Lakini kuna wakati tulisikia kwa salamu kwamba nyumba ya Dada Waridi wa Moi's Bridge imeungua. Huyo Dada Waridi hakuna mtu wetu alishawahi kumwona, tulimjua kwa kadi tu, anapenda nyimbo za mapenzi. Vijana wa steji walikuwa wameshamuoa kwa akili. Mwenyekiti akafunga gunia la unga kwa baiskeli, akasukuma, na mimi nikasukuma upande wa pili, nikiwa nimepaka mafuta na nimechana nywele kwa ajili ya Dada Waridi. Tukafika. Tukaonyeshwa nyumba. Akatoka mzee mmoja ana jino moja.

"Ni mimi," akasema, anatazama chini.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kucheka. Mwenyekiti akanikanyaga mguu, akavua kofia, akasema bila kutikisika, "Dada Waridi, pole sana na moto." Akamshushia gunia mpaka ndani. Njia yote ya kurudi alinikataza kusema kitu. Na hakuwahi kumuita jina lingine.

Ndio uone. Mtu wa sheria, lakini sheria zake mwenyewe alizipindisha akitaka. Sheria kubwa ya chama ilikuwa moja: ukisalimiwa, unarudisha. Ukikaa mwezi bila kurudisha, biro nyekundu inapita juu ya jina lako. Alikata watu. Alikata shemeji yake, alikata mzee wa kanisa. Lakini kulikuwa na jina moja mwisho wa kila kadi yake, kila Jumamosi, ambalo halikuwahi kurudisha hata siku moja, na hakukata. Ilisomwa hivi hivi tu, "Na Nekesa, akiwa Bokoli. Baba yako yupo." Basi. Halafu anakaa karibu na redio mpaka kadi ya mwisho isomwe, sikio la kulia limegusa spika, kuona kama leo itarudi.

Nekesa ni nani? Niliuliza watu wakabadilisha stori. Aliniambia mwenyewe, siku injini ilikuwa imekataa na tunangoja fundi kutoka Kitale. Nekesa ni kifunga mimba wake. Alitoroka akaolewa Bokoli bila wazee kuonana, na Mwenyekiti akakasirika. Sasa katikati ya hiyo hasira, bibi akafa. Akaandika tangazo la kifo lisomwe kwa redio, vile tunafanyanga: mke wa fulani, mama ya fulani na fulani. Akaandika watoto wote. Nekesa akamwacha.

"Alikuwa anapepeta maharagwe akijua mama yake amekufa," akaniambia. "Alisikia redio. Akahesabu ndugu zake, akangoja jina lake. Halikuja." Alikuwa anasafisha mkono na kitambaa cha grisi, anasafisha mahali pasafi. "Alikuja matanga akasimama nje ya boma. Hakuingia."

Nikamwambia, Mwenyekiti, si Bokoli ni karibu? Mimi nakupeleka na baiskeli, bure, wewe keti tu nyuma.

"Nilimtoa kwa ledio," akasema, hivyo ndivyo alisema ledio, "nitamrudisha kwa ledio. Nilimtoa watu wakisikia. Nikienda kimyakimya kama mwizi, nimemrudisha wapi? Acha arudishe salamu. Akirudisha, kesho yake naamka naenda, hata kwa mguu."

Kwa hivyo unaona kitu alikuwa anangoja. Ilikuwa kadi moja tu. Na mimi ndiye nilikuwa nabeba kadi.

Ilikuwa Ijumaa, nimebeba kadi za chama kupeleka stesheni Kitale, mvua ikanishika nikaingia kwa kibanda cha chai pamoja na wenzangu wawili wa steji. Nilikuwa na kadi moja tupu ilibaki. Mvua ndefu, hakuna kazi, na mtu wa mdomo akikosa kazi ni hatari. Mmoja akasema, "Si uandike ya Nekesa?" Mwingine akapiga meza. Mimi nikaomba biro.

Nikaandika: Mimi ni Nekesa nikiwa Bokoli. Namsalimu baba yangu, Mwenyekiti wa Kisiagi, akiwa Kiminini. Baba, nimekusamehe. Jumamosi ijayo nakuja nyumbani. Chinja jogoo.

Hiyo ya jogoo ndiyo walicheka zaidi. Nilijiambia ninamfurahisha mzee. Ukweli, na sijawahi kuuambia mtu mpaka leo, ni kwamba nilitaka kuona uso wake ikisomwa hiyo kadi, ndio nikaige steji. Pia nilijua Nekesa hatasikia, kwa sababu Bokoli ni upande wa Webuye, na nilikuwa na hakika stesheni ya Kitale haifiki huko.

Kesho yake nikaenda kisiagini mapema nikapata mahali pazuri juu ya magunia, kama mtu wa mpira. Injini ikazimwa. Kadi ya kwanza, ya pili, ya tano. Halafu mtangazaji akasema, "Na hii inatoka Bokoli."

Mwenyekiti alisikia neno Bokoli. Akainua mkono foleni yote inyamaze. Mtangazaji akasoma, na kwa sababu alijua hiyo stori ya kila Jumamosi kama sisi, sauti yake ikalegea mwishoni. Akaweka wimbo. Mwenyekiti akazima redio. Hajawahi kuzima kabla ya wimbo. Akainuka, akaenda kwa foleni, akaanza kusalimia watu na mkono, mmoja mmoja, akina mama na watoto wao migongoni. "Mulembe. Mulembe, mama. Mulembe." Unga na machozi vikashikana kwa mashavu vikawa kama utando wa uji. Akafika kwangu juu ya magunia, akanyoosha mkono. "Mulembe, kijana wangu."

Wenzangu wa steji walingoja nimwige jioni hiyo. Sikuweza. Niliweka mkono kwa sikio, nikautoa.

Ungesema wakati ndio huo wa kumwambia, na mimi pia nilisema hivyo. Nilienda Jumatatu nikampata anapaka chokaa nyumba. Nilienda Jumatano, ameazima viti, amenunua sufuria, ameita ndugu. Kila nikifungua mdomo inatoka mchezo. "Mwenyekiti, huyo jogoo anajua?" Anacheka. Mimi nacheka. Naenda.

Jumamosi ikafika. Kisiagi kimefungwa siku nzima, kitu ambacho hata Krismasi hakufanya. Suti ya harusi yake mwenyewe, imebana kwa bega. Chama kimejaa, hata Dada Waridi amekuja na jino lake. Jogoo amechinjwa, ugali, soda kwa kreti. Kiti kimoja kimewekwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyekaribia. Saa nane ikapita na redio imezimwa, hakuna aliyekumbuka salamu. Mwenyekiti ameketi anatazama barabara ya Webuye. Kila gari likipunguza mwendo, anashika magoti kama mtu anayetaka kusimama.

Saa kumi. Saa kumi na moja. Watoto wameanza kulia. Akasimama, akageuka kwetu.

"Mvua imenyesha Bokoli," akasema. "Barabara huko ni mbaya. Kuleni."

Jua lilikuwa linapasua ardhi wiki nzima.

Tukala. Nililetewa paja, kwa sababu mimi ndiye mbeba kadi wa chama. Na nikala. Nakwambia nilikula, nikalamba kidole.

Baada ya mwezi usingizi ukakataa kuja. Nikapanda baiskeli nikaenda Bokoli. Niliuliza watu, nikaonyeshwa boma juu ya kilima. Nikampata mwanamke anapalilia maharagwe, uso ni ule wa Mwenyekiti kabisa, umetolewa unga. Na kwa tawi la mti, kando ya shamba, redio imening'inia na waya mrefu umepanda juu.

"Hiyo inashika Kitale?" ndicho kitu nilisema kwanza. Hata habari sikusalimia.

"Huku juu inashika vizuri," akasema. "Wewe ni nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, nikiangalia jembe lake. Nilidhani atanipiga nalo, na ningesimama tu. Hakunipiga. Aliketi kwa matuta.

"Kila Jumamosi nilikuwa nasikia," akasema. "Baba yako yupo, baba yako yupo. Mwaka wa kwanza nilizima. Mwaka wa pili nikawa naacha. Nikaja nikanunua kadi. Niliiandika, nikairudia, nikaandika tena. Iko kwa nyumba mpaka sasa. Nilikuwa niitume hiyo wiki." Akanitazama. "Halafu nikasikia nimeshajibu."

Nikashika breki ya baiskeli, na baiskeli imesimama.

"Nikajua ni yeye. Nikasema, ona huyu mzee, ameshindwa kungoja, amejiandikia msamaha mwenyewe. Tena anaagiza na jogoo." Akang'oa gugu moja. "Alichinja?"

"Alichinja."

"Alikula?"

"Hapana. Alitazama barabara."

Akalia hapo. Alilia vile watu wa shamba wanalia, mkono unaendelea kung'oa magugu. Nikamwambia twende sasa hivi, panda, mimi nasukuma mpaka Kiminini.

"Nikienda, ni ile kadi yako imenileta," akasema. "Atakufa akijua nilimwambia nimesamehe halafu nikamwacha na kuku wake. Na nikimwambia mimi kwamba haikuwa yangu, atasikia kama ninaurudisha msamaha. Wewe uliandika. Wewe nenda ufute. Siku atajua haikuwa mimi, nitume neno tu, nakuja siku hiyo hiyo na yangu mkononi."

Ilikuwa kazi ndogo. Angalia ilikuwa ndogo namna gani. Steji mpaka kisiagini ni dakika tano. Maneno ni machache kuliko yale natumia kuuliza bei ya muhogo. Na nilichukua miaka mitatu.

Sitakudanganya eti nilikosa nafasi. Nilikuwa naye kila Jumamosi. Aliendelea kuandika kadi, ila ule mstari wa mwisho alibadilisha: "Na Nekesa, akiwa Bokoli. Asante. Barabara ikikauka." Mtangazaji anasoma, mimi naketi juu ya magunia nahesabu mishono. Nekesa alipata simu, akapata namba yangu. Alipiga. "Umemwambia?" Bado, dada, mzee ana homa. Akapiga mwaka uliofuata. Bado, dada, tunavuna. Nikabadilisha laini.

Halafu dunia nayo ikaendelea. Kisiagi cha stima kikafunguliwa upande wa pili wa barabara, hakina kelele, hakizimwi saa nane. Stesheni ikaanza kusoma salamu za simu, ujumbe mfupi mfupi, majina yamekatwa mikia. Duka likaacha kuweka kadi. Miguu ya Mwenyekiti ikafura, na mtoto wake mkubwa, ambaye ni karani Bungoma, akaja kumchukua. Injini ikauzwa kama vyuma.

Nilienda kumwona Bungoma. Wakati huo nilikuwa nimeachana na baiskeli, niko na pikipiki, nimekuwa mtu mkubwa. Nikajiambia leo ni leo. Nilimkuta kwa kiti nje ya nyumba, si mbali na reli, blanketi kwa magoti, redio juu ya blanketi. Sikio la kulia nalo lilikuwa limeenda. Alikuwa ameweka kiganja juu ya spika, anasikia na mkono. Redio ilikuwa inasoma bei ya mahindi. Yeye alikuwa anatikisa kichwa polepole kama ni rumba.

Alinijua. Akacheka. "Wa mdomo!" akasema kwa nguvu, vile viziwi wanaongea. Tukakaa. Alinishika mkono, na akaanza yeye kabla yangu.

"Hawa watoto wananionea huruma," akasema. "Wanasema Nekesa hakuja. Mimi nawaambia, kuja ni kitu kidogo, pengine bwana alimkataza, pengine mtoto aliugua. Lakini alisema. Kwa ledio. Kitale ilisikia, Moi's Bridge ilisikia. Ulikuwa hapo wewe, ulisikia na masikio yako."

"Nilisikia," nikasema.

"Basi. Mimi nimemaliza."

Sasa wewe niambie, ungefanya nini? Nikiongea, namnyang'anya hiyo kitu moja alibaki nayo. Nisipoongea, namnyima mtoto wake, ambaye yuko hai, yuko kilima cha Bokoli na kadi ndani ya nyumba, anangoja neno. Nilijua jibu. Kila mtu anajua jibu. Nikainama karibu na sikio lake, nikasema, "Mwenyekiti, ile kadi ni mimi niliandika. Nekesa ako na yake. Anataka kuja."

Lakini nilisema na sauti ndogo. Mimi, ambaye nikiita mteja Kiminini, mtu anageuka Kitale. Nilichagua sauti ambayo hata mzima angesikia nusu.

Akaweka mkono kwa sikio, akafunga jicho. La kulia.

"Ati?"

Nilivuta pumzi. Ndani ya nyumba sahani zilikuwa zinaoshwa. Mtu alikuwa anapita na mbuzi.

"Nimesema uko sawa, Mwenyekiti!" nikapiga kelele. "Nimesema unaonekana vizuri!"

"Eeh," akasema, akanipiga piga goti. "Na wewe umenenepa."

Nilitoka hapo nikijiambia nimemwambia. Kweli maneno yalitoka kwa mdomo wangu. Jioni nikatafuta namba ya Nekesa, nikamwambia, "Dada, nimemwambia." Halafu akauliza, "Alisikia?"

Nikasema betri inaisha. Nikazima.

Haikufika wiki mbili. Mwenyekiti alienda akiwa amelala, mtoto wake mkubwa alisema. Walimleta kwa shamba lake Kiminini, kando ya bibi. Chama kilikuja, wale wamebaki. Dada Waridi alikuja na mkongojo akalia kushinda wanawake. Waliniomba niongee kwa niaba ya vijana, eti mimi najua kuongea. Nilisimama mbele ya watu na kwa mara ya kwanza maishani hawakupata kitu kutoka kwangu. Nilisema jina lake la chama, nikaketi.

Nekesa aliingia mpaka ndani ya boma. Hakuna aliyemzuia. Alikuwa na gauni la kitambaa cha buluu, jipya, kola nyeupe, mikunjo ya pasi imesimama kama ilikatwa na kisu. Watu walinong'ona kidogo, si nguo ya matanga hiyo. Hakulia kwa sauti. Alitupa udongo, akasimama na ndugu zake.

Baada ya watu kutawanyika nilimfuata pale kwa pipa la maji, anaosha mikono. Nilikuwa nimepanga maneno njia yote. Pole, dada. Nisamehe, dada. Yalikuwa mengi na mazuri. Aliniona, akafunga mfereji wa pipa, akajipangusa na leso ili asiloweshe nguo.

"Hii nguo nilishona ya kuja kumwona," akasema. "Miaka mitatu naitoa kwa sanduku, naipiga pasi, naikunja, narudisha. Nilikuwa nangoja wewe tu."